"Nimemwona": jinsi ndege mbili zilivyokutana juu ya San Diego

Asubuhi ya tarehe 25 Septemba 1978, anga la San Diego, California, lilikuwa jeupe. Hapakuwa na wingu la kulaumiwa wala ukungu wa kusingiziwa. Boeing 727 ya shirika la PSA, iliyotoka Sacramento kupitia Los Angeles, ilikuwa inateremka kwenda kutua katika uwanja wa Lindbergh. Mbele yake, chini kidogo, Cessna 172 ya injini moja ilikuwa inapanda baada ya mazoezi ya kukaribia uwanja kwa kutegemea vyombo. Saa 3 na dakika 1 zikagongana kwenye futi 2,600, juu ya mtaa wa North Park. Walikufa watu 144: 135 waliokuwa ndani ya Boeing, wawili wa Cessna, na saba waliokuwa chini, kwenye nyumba na mitaa yao.

Marubani wanaojadili ajali za kugongana angani huirudia sana hii, na sababu yake haitokani na wingi wa maiti peke yake. Hapa hakuna aliyekosa kuonywa. Wafanyakazi wa chumba cha rubani cha Boeing waliambiwa kuhusu Cessna, wakajibu kwamba wanaiona. Jibu hilo ndilo ninalotaka kulifungua, kwa sababu naamini uzito wa ajali nzima umelalia hapo.

Kwa utaratibu wa siku ile, mwongoza ndege mwenye rada alikuwa na njia mbili za kuzitenganisha ndege. Ya kwanza ni kuzitenganisha mwenyewe, kwa kutoa mielekeo na vimo kulingana na anachokiona kwenye rada. Ya pili ni kumwuliza rubani kama anaiona ndege nyingine, na rubani akisema ndiyo, kumwachia kazi ya kujitenga nayo kwa macho. Njia ya pili huokoa muda na kupunguza foleni ya wanaotaka kutua. Lakini rubani anaposema "nimemwona", hajatoa taarifa tu. Amepokea mzigo. Tangu hapo mwongoza ndege ana haki ya kugeukia kazi nyingine, na rubani ana wajibu wa kuurudisha mzigo huo mara tu ndege ile inapompotea machoni.

Basi ikawapotea. Mnara wa Lindbergh ulipowakumbusha kwamba kuna Cessna mbele yao umbali wa maili moja, walijibu kwamba walikuwa nayo hapo dakika moja iliyopita. Baadaye wakaongeza kwamba wanadhani imeshapita upande wao wa kulia. Hawakusema kwamba hawaioni tena. Mnara ulielewa kwamba inapita na kwamba bado wanaitazama, ukawaruhusu kutua.

Kilichonaswa na kinasa sauti baada ya hapo ni kigumu kukisikiliza kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa katika kiti kile. Rubani msaidizi aliuliza kama wamekwisha kuachana na ile Cessna. Mhandisi wa ndege akasema inapaswa kuwa hivyo. Nahodha akasema anadhani hivyo. Nahodha mwingine wa shirika hilohilo, aliyekuwa nje ya zamu na amekaa kwenye kiti cha ziada, akasema anatumaini hivyo. Kisha nahodha akaeleza kwamba aliiona upande wa kulia kabla hawajageuka, na kwamba sasa huenda iko nyuma yao. Watu wanne, wote wazoefu, walikuwa na shaka ileile kwa wakati mmoja. Shaka hiyo ikazunguka ndani ya chumba chao na haikufika redioni.

Huko chini, kompyuta ya kituo cha rada ilitoa tahadhari ya mgongano sekunde 19 kabla ndege hazijagongana. Waliokuwa zamu waliisikia. Wakaona kwamba Boeing ilishasema inaiona Cessna, kwa hiyo hapakuwa na dharura. Zaidi ya hayo, ndege hizo mbili zilikuwa kwenye masafa tofauti ya redio: Boeing ilikuwa imekabidhiwa kwa mnara, Cessna bado ilikuwa na kituo cha rada. Hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake na kushtuka. Cessna nayo ilikuwa imegeuka kutoka mwelekeo iliopewa, nyuzi 070, ikaelekea takriban nyuzi 090, yaani sawasawa na njia ya Boeing, na haikutoa taarifa.

Sasa tuangalie macho yenyewe, maana hapa ndipo wengi wetu hudhulumu marehemu. Mtu husema: anga jeupe, saa tatu asubuhi, wangetazama wangeona. Chukua rula, nyoosha mkono mbele ya uso wako. Mabawa ya Cessna 172 yana upana wa mita 11. Ikiwa maili moja ya baharini mbele yako, mita 1,852, mabawa hayo kutoka ncha hadi ncha hayafiki milimita 4 kwenye rula hiyo. Mwili wa ndege ukitazamwa kutoka nyuma ni mwembamba zaidi. Nyuma yake hapakuwa na anga la buluu la kuichora. Palikuwa na mapaa ya nyumba, barabara na magari, maana Boeing ilikuwa juu na Cessna chini.

Kuna baya kuliko udogo. Jicho la binadamu hushika haraka kitu kinachosogea. Ndege ambayo mtagongana nayo, kama kila mmoja wenu anashika mwelekeo na mwendo wake bila kubadili, haisogei kwenye kioo chako. Inakaa palepale, kidoa kimoja kisichokwenda kulia wala kushoto, hadi sekunde za mwisho kinapovimba ghafla. Manahodha wa baharini wanaijua kanuni hii: chombo kisichobadili mwelekeo huku kikikaribia ndicho cha kuogopwa. Angani kanuni ni ileile, ila muda ni mfupi. Mamlaka ya anga ya Marekani hukadiria kwamba rubani anahitaji sekunde 12.5 kukiona kitu, kukitambua kuwa ni ndege, kung'amua kwamba mtagongana, kuamua, kusukuma usukani, na ndege kuitikia.

Ongeza umbo la ndege zenyewe. Boeing ina pua ndefu na kioo kinachoficha kilicho chini yake. Cessna 172 ina mabawa juu ya kichwa cha rubani, yanayoficha kilicho juu, na Boeing ilikuwa inakuja kutoka nyuma. Wale wawili wa Cessna hawakuwa na nafasi hata moja ya kujiokoa kwa macho.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, iliweka chanzo kikuu kwa wafanyakazi wa Boeing: walishindwa kudumisha utengano wa macho na hawakusema walipoipoteza Cessna. Utaratibu wa waongoza ndege uliwekwa kama jambo lililochangia. Mjumbe mmoja wa bodi, Francis McAdams, alipinga. Kwake, kuruhusu utengano wa macho wakati rada ya kuzitenganisha ndege hizo ipo na inafanya kazi lilikuwa kosa lenye uzito sawa na la marubani. Mwaka 1982 bodi ilirekebisha hitimisho lake kuelekea huko. Nadhani McAdams alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Ukimpa binadamu kazi ambayo jicho lake haliwezi kuitimiza kwa uhakika, huwezi kumwachia yeye peke yake hesabu yote.

Makao makuu ya PSA yalikuwa San Diego hiyohiyo. Miongoni mwa waliokuwa ndani ya ndege walikuwamo wafanyakazi wengi wa shirika, wanarudi nyumbani au wanaelekea kazini. Kwa hiyo waliobaki walizika wenzao kisha wakavaa sare kwenda kuruka, wakipita juu ya mtaa uleule. Rubani anayempoteza mwenzake hutafuta kwanza kosa la marehemu. Hafanyi hivyo kwa ukatili. Akilipata kosa ambalo yeye asingelifanya, anaweza kupanda ndege kesho yake. Taabu ya San Diego ni kwamba kosa lenyewe, kusema "nadhani ameshapita" pale ambapo ungesema "simwoni", ni la kila mtu aliyewahi kushika redio akiwa na kazi nyingi.

Hatua zilifuata, na zilikuja kwa kupigwa tena. Tarehe 31 Agosti 1986, DC-9 ya Aeroméxico na Piper ndogo ziligongana juu ya Cerritos, karibu na Los Angeles, wakafa watu 82. Ndipo Bunge la Marekani likalazimisha ndege kubwa za abiria zifungwe mfumo wa TCAS, unaouliza transponda za ndege zilizo karibu na kumwambia rubani apande au ateremke. Mfumo huo umeokoa wengi, ila nao ulihitaji somo lake la damu: usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, rubani wa Tupolev aliambiwa na mwongoza ndege ateremke huku TCAS ikimwambia apande. Akateremka, na Boeing 757 ya mizigo ikateremka pia kwa kutii TCAS yake. Watu 71, wengi wao watoto. Sasa kanuni iko wazi: TCAS ikitoa amri, rubani anaifuata hiyo, hata mwongoza ndege akisema vingine.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si hadithi ya mbali. Tarehe 5 Machi 2024, Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 iliyokuwa imetoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kuelekea pwani ziligongana zikiwa angani. Cessna ilianguka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, wakafa mwalimu na mwanafunzi wake. Dash 8 ikarudi na abiria wake wote salama. Wilson ni uwanja ambapo wanafunzi, ndege za watalii na ndege za abiria hushiriki njia mbili za kurukia zinazokatizana, na anga lililo juu yake ni lilelile kwa wote.

Anayetegemea TCAS peke yake katika uwanja wa namna hiyo anapaswa kujua mpaka wake. Mfumo hauioni ndege isiyo na transponda inayofanya kazi. Ndege ndogo ya mafunzo hailazimiki kuwa na TCAS, kwa hiyo mwanafunzi hapati onyo lolote kutoka upande wake. Na chini ya takriban futi 1,000 kutoka ardhini, mfumo huacha kabisa kutoa amri ya kupanda au kuteremka, ili usimtupe rubani ardhini au kumvuruga wakati wa kutua. Katika futi hizo, ndege zinapokaribiana kuliko mahali pengine popote, kinachobaki ni mwongoza ndege, jicho, na rubani aliye tayari kubonyeza kitufe cha redio na kusema mara moja: simwoni.