Injini Inagonga Wapi? Mlio Mmoja Kwenye Mwalo wa Mwamanyili

Injini ya kupachika ikianza kugonga, mkono wa mafundi wengi hukimbilia juu. Kifuniko kinavuliwa, silinda hedi inafunguliwa, gasketi iliyokuwa nzima inachanika, na mwenye mtumbwi anaandikiwa pistoni na ringi kabla haijajulikana mlio unaanzia wapi. Nieleze namna mlio mmoja ulivyofuatiliwa Mwamanyili, wilayani Busega, kwenye ufuo wa Ghuba ya Speke, kwa sababu fundi aliyeufuatilia alikwenda kwa mpangilio ninaotamani kuuona kwenye mialo yote ya Ziwa Victoria.

Ilikuwa injini ya tustroki, nguvu za farasi 15, silinda mbili, ya mtumbwi wa dagaa. Iligonga kidogo ikiwa nyutro, na ikiwekwa gia ya mbele iligonga kwa nguvu. Fundi wa kwanza alikuwa ameshatoa hukumu: kama inagonga hata kwenye nyutro, basi gia boksi haihusiki, ni beringi za konrodi. Hukumu hiyo ina sura ya akili, lakini si sahihi. Katika injini hizi shafti ndefu inayoshuka kutoka kwenye krenki haitenganishwi na nyutro. Pinioni iliyo mwisho wake huzunguka muda wote injini ikiwaka, nayo huzungusha gia ya mbele na gia ya nyuma kwa pamoja. Kinachosimama ni shafti ya propela peke yake. Mlio wa nyutro, kwa hiyo, unaweza kabisa kutoka chini.

Fundi wa pili alianza na vitu vya bure: alikaza skrubu zinazobania injini kwenye ubao wa tezi, akatikisa injini kuona kama raba zake zimelegea, akashika flaiwili kuona kama inacheza. Nati ya flaiwili iliyolegea hugonga kama konrodi iliyokwisha, na imeshafanya injini nyingi zifunguliwe bila sababu. Hapa ilikuwa imekaza.

Kisha akaiwasha ndani ya pipa la maji, akachomoa kofia ya plagi moja, waya wake ukiwa umegusishwa kwenye bodi ili moto upate pa kwenda na mfumo wa umeme usiungue. Mantiki yake ni hii: konrodi mbovu hugonga kwa sababu mlipuko unaisukuma. Ukiondoa mlipuko kwenye silinda hiyo, mlio hufifia au hubadilika. Alijaribu silinda ya juu, akajaribu ya chini. Injini ilipunguza mwendo, na mlio ukapunguza kasi pamoja nayo, lakini ukali wake ukabaki vilevile. Aliposimamisha ncha ya bisbisi ndefu kwenye bodi na kuweka mpini sikioni, mlio ulikuwa mkali zaidi karibu na bapa lililo juu ya propela kuliko kwenye silinda. Shafti na alumini hupeleka sauti juu, ndiyo maana sikio tupu hudanganyika.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Alizima injini, akatoa plagi zote mbili ili mgandamizo usimzuie, akaweka gia ya mbele, akachora alama za chaki kwenye flaiwili na kwenye propela. Katika injini za aina hii krenki huzunguka takriban mara mbili propela inapozunguka mara moja. Kwa hiyo kama kikwazo kinarudi mara moja kwa kila mzunguko wa propela, mtuhumiwa ni gia ya mbele au shafti ya propela, pengine iliyopinda kwa kugonga mwamba. Kikirudi kila mzunguko wa flaiwili, ni pinioni, au kitu kilicho juu yake. Alizungusha taratibu kwa mkono. Kikwazo kilirudi kila alama ya flaiwili ilipopita. Konrodi zilikuwa zimeshaondolewa kwenye orodha na jaribio la plagi, hivyo ikabaki pinioni.

Oili ya gia ilithibitisha. Alilegeza skrubu ya chini ya gia boksi, ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa, na sumaku ya spika mbovu ikatoka na vipande vidogo vya chuma. Maji yalikuwa yameingia. Yameingia wapi? Alivua propela, na nyuma yake palikuwa na uzi wa nyavu uliojisokota kwenye shafti hadi ukakata sili. Kwenye maji yenye nyavu nyingi namna hii, uzi huo ndio mwanzo wa gharama: sili inakatwa, maji yanaingia, oili inapoteza nguvu ya kulinda, beringi inachimbika, pinioni inapoteza mkao wake na meno yanaanza kumeguka.

Ipo milio ya juu ya kweli. Magugu maji yakiziba tundu la kuvutia maji, injini hupata joto na huanza kugonga ikibeba mzigo. Oili ikichanganywa pungufu kwenye petroli, beringi za krenki hukauka, maana tustroki haina oili nyingine. Lakini mlio huu ulikuwa na maelezo yake chini.

Zilibadilishwa pinioni, beringi yake na sili zote mbili za shafti ya propela. Pinioni bila sili ingekuwa pesa iliyotupwa ziwani. Oili mpya ilijazwa kupitia tundu la chini hadi ikatoka tundu la juu, hewa isibaki ndani, skrubu ya juu ikafungwa kwanza. Mwenye mtumbwi aliambiwa arudi baada ya kuvua mara ya kwanza, skrubu ya chini ilegezwe kidogo baada ya injini kusimama wima usiku kucha. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama bado yanaingia, yatatangulia kutoka.