Polisakaridi za Pazhou: dawa, au jina la ukoo tu?



Wenye biashara na Guangzhou wanaijua Pazhou. Ndiko yanakofanyika Maonyesho ya Canton, masika na vuli, na siku zake za mwisho zina ukumbi wa madawa na bidhaa za afya. Unga wa "polisakaridi za mimea" ni bidhaa ya soko hilo, nao husifiwa kwamba unalisha bakteria wazuri na kutuliza uvimbe wa matumbo. Jamaa wa mgonjwa akisikia hivyo, anaagiza. Basi tuyapime madai yenyewe.

Ukweli kiasi upo. Polisakaridi ni sukari nyingi zilizoshikana kama shanga katika uzi. Nyingi kati yake mwili wetu hauwezi kuzikata, lakini bakteria wa utumbo mpana wanaweza. Wakizichachusha hutoa butireti, chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Hadi hapo sina ugomvi.

Ugomvi uko kwenye ushahidi. Mwingi ni wa panya waliotiwa kolaitisi kwa kunyweshwa DSS, njia iliyoelezwa na watafiti wa Japani mwaka 1990. Sasa jamani, DSS ni nini? Ni dekstrani iliyotiwa salfa, yaani nayo ni polisakaridi! Panya kaumizwa kwa polisakaridi, katibiwa kwa polisakaridi, halafu tunaambiwa polisakaridi ni dawa. Hilo ni jina la ukoo, na katika ukoo kuna mwema na mkorofi. Isitoshe, panya huyo akirudishiwa maji safi huanza kupona mwenyewe. Mgonjwa wa Crohn hana bahati hiyo.

Kwa binadamu majibu hayafanani. Hispania, 1999: wagonjwa 105 wa kolaitisi ya vidonda, ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia, waligawanywa wapewe mbegu za Plantago ovata (isapgol ya maduka ya Wahindi), mesalazini, au vyote viwili. Baada ya mwaka mmoja mbegu zilikaribiana na dawa. Uingereza, 2011: wagonjwa 103 wa Crohn walijaribiwa kwa frukto-oligosakaridi, jamaa wafupi wa inulini, gramu 15 kwa siku kwa wiki 4. Hazikuwafaa kuliko unga wa bandia, na waliopewa ndio walioacha jaribio kwa wingi zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Alberta, Kanada, wakaonyesha kwamba inulini na jamaa zake zisipochachushwa sawasawa zinaweza kuchochea uvimbe kwa baadhi ya wagonjwa.

Na hao "bakteria wazuri"? Bifidobakteria ndio wanaosifiwa kuliko wote. Lakini uchunguzi wa Wahadza wa Ziwa Eyasi uliotolewa 2014 haukuwakuta kwa watu wazima, nao ni walaji wa mizizi na ubuyu, nyuzinyuzi tele. Uzuri wa bakteria basi hutegemea yuko tumboni mwa nani na analishwa nini.

Tusiwanyooshee Wachina kidole peke yao. Mwani unaolimwa Zanzibar tangu 1989, zaidi na akina mama, hununuliwa kwa ajili ya karaginani, polisakaridi ya kuzitia uzito maziwa na nyama za viwandani. Tangu 1969 inajulikana kwamba karaginani iliyovunjwavunjwa huwatia vidonda vya utumbo nguruwe wa Guinea. Ile ya chakula si ileile, na ubishi juu yake haujaisha. Lakini hakuna anayeuza mwani kwa kusema kila polisakaridi ni tiba.

Kwa hiyo mwenye kuuza aulizwe: polisakaridi ipi, ya mmea upi, gramu ngapi, kwa ugonjwa upi, na ilijaribiwa kwa watu au panya? Akikosa jibu, anauza unga. Kwetu mwenye kuhara damu huambiwa ni amiba, hata miaka ikapita kabla ya kupimwa utumbo kwa kamera. Mtu kama huyo, akishapata dawa inayomtuliza kisha akaiacha kwa ajili ya mkebe, anaweza kuishia kukatwa utumbo. Unga wa mkebe utumike kwa ushauri wa daktari wake, na dawa isiachwe.

Mwenye ushahidi wa kunipinga aulete, tuusome pamoja.

Wasalaam.