Kati ya Maunti na Mauti Kuna N Moja Tu

Wanaohakiki picha hapa kwetu huandika kuhusu mwanga, rangi, mada, na lile wanaloliita jicho la mpiga picha. Sijawahi kusoma uhakiki uliogeuza picha na kutuambia nyuma yake kuna nini. Kazi hiyo nimejipa mimi. Nikiingia kwenye maonyesho ama kibanda cha picha, nikiruhusiwa, nageuza. Mbele naona kazi ya kamera. Nyuma naona makubaliano kati ya muuzaji na mnunuzi: gundi gani, ubao gani, na je, picha inaweza kutoka hapo ikiwa nzima?

Hoja yangu ni fupi. Maunti ni sehemu ya kazi yenyewe, na anayekuuzia picha bila kukuambia ameimaunti vipi amekuambia nusu tu ya anachokuuzia.

Tuanze mtaani, maana huko ndiko picha nyingi zaidi huuzwa. Ukisema "maunti" Nairobi, watu wengi wanaona kitu kimoja: picha imechapwa, ikapigwa lamineti, ikabandikwa kwa gundi juu ya ubao wa MDF, na kingo zikapakwa rangi nyeusi. Hakuna kioo, hakuna fremu. Nyuma kuna tundu la msumari, basi. Unatuma picha kwa WhatsApp asubuhi, na jioni unapita River Road kuichukua ukienda stage.

Kuna watu wa sanaa wanaoidharau hiyo kitu. Mimi naiheshimu. Haina kioo cha kuvunjika ndani ya matatu. Vumbi linafutwa kwa kitambaa. Inakaa vizuri kwenye ukuta wa mabati sawa na kwenye ukuta wa mawe, na ukihama nyumba unaibeba kwapani. Fundi aliyeifikiria alijua tunaishi vipi, na bei yake inamfikia mtu aliyemaliza chuo jana na bado hajapata kazi. Kama muundo wa kitu hupimwa kwa jinsi kinavyomfaa mtumiaji, ubao huu umefaulu kuliko vitu vingi vinavyotundikwa kwenye galari.

Shida iko kwenye gundi. Ikishashika, imeshika. MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa na kubanwa pamoja. Ikipata maji huvimba, na mara nyingi uvimbe huanzia kwenye kingo. Karatasi nayo hutanuka hewa ikiwa na unyevu na kujikunja ikikauka, lakini haiendi sambamba na ubao ulio chini yake. Mwaka baada ya mwaka hivyo viwili vinavutana. Ndipo unaona mapovu, kisha pembe inaanza kuinuka. Mombasa na Lamu, ambako hewa yenyewe ina maji, mambo huenda haraka zaidi. Na ukijaribu kuibandua, sura inabaki kwenye ubao na wewe unabaki na ngozi ya plastiki mkononi.

Unaweza kusema: si nitachapa nyingine? Sawa, kama faili ipo.

Fikiria mazishi yetu. Mbele ya jeneza kuna mtu amebeba picha kubwa ya marehemu. Mara nyingi picha hiyo imekatwa kutoka kwa picha ya harusi ya mtu mwingine, ama imetoka kwenye simu ya binamu, ikachapwa usiku kwa haraka kwa sababu safari ya kwenda ushago ni alfajiri. Mazishi yakiisha, ubao unatundikwa sebuleni juu ya TV. Hiyo ndiyo sura ambayo wajukuu watamjua nayo shosho. Simu inaibiwa. Binamu anabadilisha laini. Fundi anafuta faili ili kompyuta ipate nafasi. Miaka kadhaa ikipita, ile sura ya shosho iko mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ni juu ya ubao unaovimba.

Kwa hivyo ndiyo, kati ya maunti na mauti kuna N moja tu, na fundi wa River Road anafanya kazi hapo katikati. Simwombi anunue kadibodi ya makumbusho. Namwomba kitu kimoja: achape nakala ya pili, ndogo, asiigundishe popote, aitie kwenye bahasha na kumwambia mteja, "Hii weka kabatini." Karatasi moja zaidi haitamfilisi mtu.

Picha ya mazishi inamuuza mtu aliye ndani yake. Hakuna anayeuliza nani alipiga. Picha ya galari inamuuza aliyepiga. Ukitaka kuona jinsi maunti inavyoweza kuvusha picha kutoka upande mmoja hadi mwingine, tazama kilichompata Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Kwenye studio yake, katika miaka ya 1950, wateja walichukua printi za sentimita 13 kwa 18, ukubwa uleule wa negativu, zinazotosha kushikwa mkononi. Baadhi ziliwekwa fremu na fundi wa mtaani, kioo kikapakwa rangi pembeni. Katika miaka ya 1990 negativu hizohizo zilichapwa kwa ukubwa mwingine kabisa, zikatundikwa kwenye kuta nyeupe za Ulaya na Marekani. Nyuso ni zilezile, lakini mnunuzi si yule. Wa kwanza alinunua sura yake mwenyewe ili aipeleke nyumbani. Wa pili alinunua Keïta. Hakuna hata nywele moja iliyobadilika ndani ya picha. Kilichobadilika ni ukubwa, karatasi, fremu na ukuta.

Sasa turudi Nairobi, kwa wapiga picha wa rika letu wanaouza kazi zao kupitia Instagram na maonyesho ya wikendi. Hapa ndipo nina ugomvi. Naona printi imetiwa sahihi, imepewa namba: 3/10. Namba hiyo ni ahadi. Inasema kutakuwa na kumi tu duniani, hii ni ya tatu, itunze. Nageuza, na nakuta fomubodi ya kawaida na gundi ya kupuliza. Kitu kinachoitwa adimu kimebandikwa juu ya kitu kinachopinda kikipigwa na jua la dirishani. Ukilipa Sh20,000 kwa moja kati ya kumi, halafu ubao ukapinda, hakuna namna ya kuihamishia karatasi hiyo kwenye ubao mwingine. Zinabaki tisa. Na wewe si mmoja wa wenye nazo.

Njia nyingine ipo, na si uchawi. Unachukua kadi mbili ngumu zisizo na asidi. Ya mbele unaikata dirisha, ya nyuma inabaki nzima. Picha inashikwa upande wa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyepesi na gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa kama uji. Inaning'inia nyuma ya dirisha kama nguo kwenye kamba, kwa hivyo ina nafasi ya kutanuka na kurudi. Dirisha linafanya kazi mbili: linalipa jicho mahali pa kupumzikia, na linazuia kioo kisiguse picha, maana vikigusana kwenye unyevu vinaweza kushikana kabisa. Siku kadi ikichafuka, unalowesha wanga kidogo kwa maji na picha inaachia. Hata wanga ukikushinda, kunja vipembe vinne vya karatasi safi, ingiza kona za picha humo, na picha yenyewe haitaguswa na gundi hata tone.

Najua jibu litakalokuja: kadi zisizo na asidi ni ghali, na si kila duka linaziuza. Ni kweli. Basi uza picha bila maunti, ndani ya mfuko safi na kadi ya kuizuia isikunjike, umwachie mnunuzi achague fundi wake. Hiyo ni biashara ya heshima. Kumgundishia mtu picha kwa gundi rahisi ili ionekane imekamilika siku ya maonyesho ni kumpamba bibi harusi kwa vito vya kukodi.

Jibu la pili ni gumu zaidi, na linastahili kusikilizwa: wakubwa nao waligundisha. Ansel Adams, yule Mmarekani wa picha za milima, alibandika printi zake kwa karatasi ya gundi inayoyeyuka kwa joto, na katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu uchapaji wa picha aliitetea njia hiyo. Picha ya Andreas Gursky ya mto Rhein, iliyouzwa New York mwaka 2011 kwa zaidi ya dola milioni 4.3, imegandishwa uso kwa uso kwenye akriliki. Haitatoka. Kwa nini tuwasumbue wasee wa Nairobi?

Kwa sababu hao walichagua, na walisema walichochagua. Adams alitaka karatasi itulie kabisa ili mwanga usitengeneze mawimbi juu ya weusi wake. Akriliki ya Gursky inaifanya picha ing'ae kama maji yenyewe. Gundi yao ilikuwa uamuzi wa kisanii, na mnunuzi aliuona kwenye maelezo ya kazi kabla hajatoa pesa. Gundi nayoiona kwenye maonyesho yetu mara nyingi ni uamuzi wa Ijumaa jioni, maonyesho yakifunguliwa Jumamosi.

Kwa hivyo sisemi gundi ni dhambi. Nasema iandikwe. Wewe unayeuza, chukua penseli laini na, kabla ya kumaunti, andika kwenye ukingo wa nyuma jina lako, mwaka, aina ya karatasi na wino. Kwenye ubao andika gundi uliyotumia na kama inaachia. Kama haiachii, sema haiachii. Mweleze mnunuzi utafanya nini printi ikiharibika: utamchapia nyingine yenye namba ileile, ama hutamchapia. Na wewe unayenunua, usione haya. Kabla ya kutuma M-Pesa, mwambie muuzaji, "Samahani, naomba kuona nyuma." Akisita, mwombe printi isiyobandikwa popote, na pesa iliyobaki umpelekee fundi wa fremu.