Transista Ndogo Kando ya Zile Kubwa

Kuanzia Mtwapa hadi Malindi, shughuli hujulikana kwa spika. Harusi za mjini, maulidi, hata disko matanga za vijijini Kilifi, ambazo serikali imezipiga marufuku zaidi ya mara moja, zote hutegemea amplifaya inayoweza kukesha. Sifa humwendea dijei. Anayestahili zaidi ni fundi aliyeifungua mezani kabla ya shughuli, akashika bisibisi nyembamba na kurekebisha bayasi.

Bayasi ni mkondo mdogo unaopita kwenye transista za kutolea sauti hata muziki ukiwa kimya. Transista hizo hufanya kazi kwa jozi: moja hubeba nusu ya juu ya wimbi, nyingine nusu ya chini. Mkondo ukiwa haba, hubaki pengo pale zinapopokezana, na pengo hilo husikika hasa sauti ikiwa ya chini. Udi wa taarabu huanza kukwaruza.

Mkondo ukizidi, balaa huwa kubwa zaidi. Transista ya silikoni ikipata moto, voltiji inayohitaji ili ifunguke hushuka kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzijoto moja. Toka nyuzijoto 30 za mchana wa kaskazi hadi 70 za hitisinki (bamba la kupozea transista) iliyochapa kazi, hizo ni milivolti 80. Ikiendelea kupewa voltiji ya asubuhi, itapitisha mkondo zaidi. Mkondo utaleta joto, joto litaita mkondo mwingine. Hujichoma yenyewe, na mara nyingi huondoka na spika.

Kinga yake ni transista nyingine ndogo, kwa mfano BD139, inayobanwa kwa skrubu kwenye hitisinki ileile. Nayo ikipata moto, hupunguza voltiji inayozifikia zile kubwa.

Lakini mchoro mzuri hauokoi amplifaya iliyofungwa vibaya, na hapo ndipo fundi hodari anapojulikana. Hukwangua grisi kuukuu iliyokauka, hufuta chumvi ya bahari kwenye mapezi ya aluminiamu, hupaka grisi mpya nyembamba, hukagua karatasi za maika moja moja. Huzikagua pia transista kubwa za 2SC5200 na 2SA1943 alizonunua, maana za bandia zimejaa sokoni na silikoni yake ndani huwa ndogo kuliko ya halisi.

Anapowasha, umeme hupitia kwanza balbu ya wati 100. Ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, kuna shoti. Ikififia, anaiondoa na kuweka mita kwenye rezista ya omu 0.22 ambayo mkondo wa bayasi huipitia: milivolti 11 ni miliampia 50. Fundi mwenye haraka angeishia hapo. Huyu hurudisha kifuniko, hupiga muziki nusu saa nzima, muda ambao mteja haulipii, kisha huuzima na kupima tena. Milivolti zikiwa zimepanda kidogo na kutulia, anamwita mwenyewe aje aichukue. Zikizidi kupanda, anaifungua tena na kuanzia kwenye skrubu ya BD139.