Kima wa Xu Shen

Mwaka 100 baada ya Kristo, msomi wa Kichina aitwaye Xu Shen alikamilisha kamusi yenye herufi 9,353 alizozipanga chini ya vichwa 540. Alipofika kwenye herufi 爲, isomwayo wei na yenye maana ya kutenda, aliandika kuwa ni picha ya kima, mnyama apendaye kuparura: kucha ziko juu, tumbo liko chini. Fasili hiyo inavutia, ina mantiki yake, na si kweli hata kidogo. Lakini anayetaka kuisifu kazi ya kuchimbua asili ya herufi na aanzie hapo hapo penye kosa, kwa kuwa heshima ya kazi hii haiko katika kupatia mara ya kwanza. Iko katika kuliacha jawabu wazi, na ushahidi wake kando, ili atakayekuja baadaye aweze kulipima.

Xu Shen aliupima mwandiko aliokuwa nao. Aliisoma herufi hiyo katika mwandiko wa mihuri uliosawazishwa na dola ya Qin, ambamo mistari ilikwishapindwa na kurembwa hata umbo la awali halitambuliki. Mwandiko wa kale zaidi ulikuwa umefukiwa Anyang, katika jimbo la Henan, umechongwa kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe ambayo wabashiri wa wafalme wa Shang waliitumia zaidi ya miaka 1,100 kabla ya kamusi yake. Wakulima walipoifukua waliiuza kwa wauza dawa, ikasagwa kwa jina la mifupa ya joka, mpaka mwaka 1899 Wang Yirong wa Beijing alipotambua kuwa yale ni maandishi. (Husimuliwa kwamba aliyaona kwenye dawa yake mwenyewe alipokuwa mgonjwa. Hadithi tamu kiasi hicho ni ya kutiliwa shaka.) Mwanzoni mwa karne ya 20, msomi Luo Zhenyu aliiangalia herufi ile ile kwenye mifupa hiyo, na kima akatoweka.

Kilichopo pale ni ndovu. Amesimamishwa wima, kichwa juu na mkia chini, kama wanyama wengi wa mwandiko ule uandikwao kutoka juu kwenda chini. Mkonga wake umenyooka mbele, na kwenye ncha ya mkonga kuna mkono wa mtu wenye vidole vitatu, umeushika. Zile kucha alizoziona Xu Shen ni mkono huo, na lile tumbo la kima ni kiwiliwili cha ndovu kilichochakaa kwa kuandikwa karne na karne. Hata hivyo, Luo asingefika popote bila kamusi ya mzee huyo. Ndiyo iliyohifadhi umbo la kati, lililoungana huku na herufi za leo na kule na michoro ya mifupa. Mtu aliitumia kamusi kuvuka hadi mahali pa kuikosolea. Ni vitabu vichache vinavyoweza kumfaa mpinzani wake namna hiyo.

Mwenye shaka atauliza: je, ndovu naye si hadithi nyingine tu, tamu kuliko ile ya kima? Swali ni halali, na jibu lake haliko kwenye utamu. Herufi ya ndovu peke yake, yenye mkonga ule ule, imo kwenye mifupa hiyo, tena katika taarifa za mawindo ya wafalme. Maandishi ya shaba ya enzi ya Zhou yanaonyesha hatua kwa hatua jinsi umbo lilivyobadilika. Na huko huko Anyang ardhi imetoa kaburi la ndovu mchanga mwenye kengele shingoni, dalili kwamba aliishi mikononi mwa watu. Ila ushahidi huu una mpaka wake. Unathibitisha picha, hauthibitishi njia iliyoitoa picha ya kumwongoza ndovu mpaka kwenye maana ya kutenda. Husemwa kuwa ndovu alifanyishwa kazi, na kazi ikawa kitendo. Inaingia akilini, lakini ni kukisia, na fundi mwaminifu husema hivyo waziwazi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba haya yote hayamsaidii mtumiaji. Mjapani aandikapo 為 haoni ndovu, wala Mchina aandikaye 为, umbo fupi la mistari minne tu. Nakubali, na ningependa wauzaji wa "siri za herufi" nao wakubali: asili haitawali maana. Anayemfasiri Laozi, mhubiri wa kutotenda, kuwa alikataza kuongoza ndovu, atachekwa kwa haki. Lakini tazama ilikofika herufi hii. Kikorea huisoma wi, na humo hutoka kitenzi wihada, kufanya jambo kwa ajili ya mtu. Kivietinamu kina vì, yaani kwa sababu, kikiandikwa sasa kwa alfabeti ya Kilatini. Wajapani waliikimbiza kalamu juu yake hadi ikawa ゐ, alama ya silabi tu, iliyoondolewa katika maandishi ya kawaida mwaka 1946. Lugha hizi tatu hazina nasaba moja na Kichina. Bila mchimbuzi wa herufi, wi, vì na ゐ wangepita kama wageni wasiojuana, na historia ya kukopeshana iliyodumu karne nyingi ingebaki haina shahidi.

Na kazi bado ipo. Mifupa ya Anyang ina alama zipatazo 4,500, na nyingi kati yake hazijasomeka. Mwaka 2016 Makumbusho ya Taifa ya Maandishi ya Kichina, mjini Anyang, ilitangaza zawadi ya yuan 100,000 kwa kila alama itakayofumbuliwa kwa hoja zinazokubalika kwa wataalamu. Wenye kima wao ni wengi. Fedha hupewa yule ambaye usomaji wake, ukirudishwa ndani ya sentensi za mbashiri, unazifanya zote zisomeke.