Sajenti Leakey na Wenzake Watatu

Katika maandishi mafupi ya vita niliyopata kuyasoma, hati ya nishani ya Sajenti Nigel Leakey ni mojawapo ya yale yaliyoandikwa vizuri. Ilitoka katika gazeti rasmi la serikali ya Uingereza mwezi Novemba 1945, miaka minne baada ya kufa kwake. Nishani hiyo ni Victoria Cross, na kwa Waingereza hakuna nishani ya ushujaa iliyo juu yake.

Leakey alizaliwa Kenya mwaka 1913, katika ukoo ule ule wa Louis Leakey wa Olduvai. Lakini kikosi chake kilitoka kwetu. Alikuwa katika Batalioni ya Sita ya King's African Rifles, jeshi ambalo wazee waliliita Keya, na Batalioni ya Sita ndiyo iliyokuwa ya Tanganyika. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito, kusini mwa Ethiopia, vifaru vya Waitalia viliwashambulia askari hao baada ya kuvuka mto Bilate. Leakey alirukia kifaru kimoja, akafungua kifuniko, akawapiga bastola waliomo, akamwacha dereva peke yake na kumlazimisha akiondoe kifaru. Alipoona mzinga wake haufyatuki, alishuka akavifuata vifaru vingine kwa miguu. Alikuwa juu ya kifaru cha pili alipopigwa risasi. Maiti yake haikupatikana.

Uzuri wa hati hiyo uko katika vitenzi. Haimwiti simba wala haimsifu kwa mafumbo. Inaeleza alichofanya, hatua kwa hatua, na msomaji huhukumu mwenyewe.

Hata hivyo ina kasoro kubwa. Leakey hakuvifuata vifaru vile peke yake. Hati yenyewe inakiri kwamba alikwenda na sajenti meja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili. Hayo tu. Haisemi majina yao wala yaliyowapata baadaye.

Atakuja mtu aseme: hati ya nishani huandikwa kwa ajili ya mtu mmoja. Ni kweli. Lakini mwandishi aliona inafaa kutaja cheo cha sajenti meja, na sajenti meja katika kombania si mtu wa kutafutwa kwa taa. Swali moja tu kwa askari yeyote lingelileta jina lake. Mwanachuo aliyeniletea insha yenye "watu fulani watatu" nilimrudishia, kwa sababu insha ya namna hiyo haijaisha.

Kasoro hii ilikuwa na mizizi ya zamani. Sanamu ya askari ya Nairobi, iliyosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka waliopigana na waliobeba mizigo katika vita ya 1914 hadi 1918, inawaahidi kwamba wana wao watalikumbuka jina lao. Jiwe hilo halina jina hata moja. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha taarifa iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Sisi wa Newala tunaelewa maana yake, kwa kuwa vita hiyo ilipita hapa: Wareno waliingia mwaka 1916, na Novemba ya mwaka huo huo Wajerumani wakawafukuza.

Simpunguzii Leakey kitu. Alikuwa na miaka 28, na alichofanya kinatosha kukumbukwa daima. Jina lake limeandikwa Nairobi, na ni haki yake. Majina matatu zaidi yasingemwondolea sifa. Yangeonyesha kwamba ushujaa wake ulikuwa na watu waliokubali kufuatana nao.

Kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa wetu kwa jumla. Jumla inafaa kwa gwaride, lakini hakuna ukoo wenye mtu aitwaye Jumla. Mwalimu mwenye daftari na wanafunzi anaweza kuanza kuuliza vijijini: nani wa ukoo huu alikwenda Keya, aliitwa nani, na alirudi?