Taka, Takataka na Chakavu: Uhakiki wa Fasili na Matumizi

Kamusi zetu, tangu ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu, hulifafanua neno "taka" kwa kulinasibisha na uchafu. Hoja ya mtafiti ni kwamba fasili hiyo ni finyu. Uchafu ni hali ya kitu. Taka ni uamuzi wa mtu kuhusu kitu. Karatasi nyeupe isiyo na doa, ikishatupwa, huitwa taka. Sahani yenye masalo ya mchuzi ni chafu, lakini hakuna aiitaye taka, kwani mwenyewe anaihitaji na ataiosha. (Ufanano wa "taka" na "-takata", "-takasa" na "takatifu" umeachwa kando kwa makusudi, umbo peke yake halithibitishi nasaba.)

Jiko la pwani linaeleza jambo hili kwa uwazi zaidi kuliko kamusi. Nazi moja huacha kumbi, kifuu na machicha. Makumbi hulowekwa na kusokotwa kamba, kifuu huchongwa upawa au hutiwa motoni, machicha hupewa kuku. Mpunga nao, ukikobolewa, huacha pumba na chenga. Kila kibakizwa kina jina lake na kila jina lina kazi yake. Kitu chenye jina bado hakijawa taka. Machicha hayohayo yakimwagwa pamoja na maganda ya ndizi na vipande vya mifuko, mfagiaji haoni tena machicha, anaona taka. Kwa hiyo neno hili hutaja vitu vilivyopoteza majina yao, na pengine ndiyo sababu hatusemi "taka moja" wala "taka tatu".

Soko linathibitisha hoja hiyo. Mnunuzi apitaye mitaani na mkokoteni hutangaza kwamba ananunua vyuma chakavu, hatangazi kwamba ananunua taka. Sufuria iliyotoboka ni chakavu maadamu ina bei. Taka hainunuliwi: mwenye nyumba ndiye hulipa ili iondolewe. Mpaka kati ya "chakavu" na "taka" ni bei, wala si usafi, na fasili isiyomtaja mwenye kitu haiwezi kuuona mpaka huo.

Tatizo la pili ni kuzichukulia "taka" na "takataka" kuwa visawe kamili. Katika matumizi zimegawana kazi. Lugha ya halmashauri na sheria imechagua umbo lisilorudufishwa: taka ngumu, taka hatarishi, majitaka. Msikilizaji angeshangaa kusikia "takataka hatarishi" katika tangazo la serikali. Umbo rudufu limebaki nyumbani na, zaidi ya hapo, limekuwa tusi. Husemwa "maneno takataka" na, kwa ukali zaidi, "takataka wewe!", "taka wewe!" haisemwi. Urudufishaji hapa hauongezi wingi, unaongeza dharau, na kamusi inayoishia kwenye uchafu inamnyima msomaji taarifa hiyo.

Mtafiti anapendekeza fasili hii: taka ni kitu au vitu ambavyo mwenye navyo ameamua kutovihitaji tena, viwe vichafu au visafi. Kidahizo "takataka" kipewe maana ya ziada ya dharau, pamoja na alama ya matumizi.

Pendekezo hili linawagusa watu. Katika dampo la Pugu Kinyamwezi, Dar es Salaam, na la Dandora, Nairobi, wapo wanaoitwa waokota taka. Kwa mantiki ya fasili iliyopendekezwa, jina hilo lina kasoro: chupa inayoingia katika gunia la mwokotaji imekwisha kupata mwenye kuihitaji, hivyo imekoma kuwa taka. Anachookota ni mali. Fasili ya uchafu ndiyo inayoliacha jina limng'ang'anie mtu baada ya kitu kubadilika hadhi. "Chokoraa", neno linalonasibishwa na kitenzi "chokora", limekwenda mbali zaidi: sasa humwita hivyo hata mtoto ambaye hajawahi kuligusa jaa.